Chumvi, sukari na neno "kuyeyuka": Msaidie mwanao Kemia ukiwa jikoni

Mtoto wa kidato cha pili anarudi nyumbani na daftari la Kemia. Mwalimu ameandika ubaoni, naye amenakili: kampaundi za ioni huyeyuka kwa joto kali sana, huyeyuka katika maji, na hupitisha umeme zikiwa zimeyeyuka. Kampaundi za kovalenti ni kinyume chake. Usiku anairudia mistari hiyo kwa sauti, macho ameyafumba, na wewe mzazi unamsikia kutoka jikoni. Unajua kabisa kwamba haelewi anachokisema.

Wengi wetu hapo ndipo tunaponyoosha mikono. Kemia tuliiacha zamani, wengine hatukuifikia kabisa. Lakini mada hii ya kutofautisha aina mbili za kampaundi ni kati ya zile chache ambazo vifaa vyake vyote viko kwenye kabati la jikoni, na mzazi anayejua kupika anaweza kuisaidia pengine kuliko kitabu.

Ina uzito wake pia. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Tanzania wamekuwa wakiamua mwishoni mwa kidato cha pili kama wataendelea na Kemia na Fizikia au wataziacha. Anayeacha Kemia akiwa na miaka 15 amejifungia mwenyewe mlango wa uuguzi, ufamasia, udaktari na kazi nyingine kadhaa, mara nyingi kwa sababu ya mada mbili tatu alizozikariri bila kuzielewa. Hii ni mojawapo.

Neno moja, maana mbili

Rudia kusoma ile sentensi ya daftarini. Neno "kuyeyuka" limetokea mara tatu, na halina maana moja. Huyeyuka kwa joto ni kitu kugeuka kutoka kigumu kuwa kimiminika, kama mshumaa unavyofanya. Huyeyuka katika maji ni kitu kutawanyika ndani ya maji mpaka hukioni tena, kama sukari kwenye chai. Kiingereza kina maneno mawili tofauti, "melt" na "dissolve". Kiswahili cha nyumbani hutumia moja kwa yote mawili.

Mtoto anayefundishwa kwa Kiingereza na kufikiri kwa Kiswahili anabeba mkanganyiko huo mpaka chumba cha mtihani. Anasoma kwamba chumvi ina kiwango kikubwa cha kuyeyuka, kisha anakumbuka kwamba chumvi akiitia kwenye maji ya ugali inayeyuka papo hapo bila taabu. Anaona kitabu kinasema uongo. Kwa kuwa kitabu hakibishiwi, anaamua kukariri.

Suluhisho ni rahisi na halihitaji mwalimu wa ziada. Kiswahili kina neno kumumunya, tunalolitumia kwa peremende mdomoni, na baadhi ya vitabu vya sayansi huita maji yaliyochanganyika na kitu kikapotea ndani yake "mmumunyo". Basi kubalianeni nyumbani: kwa moto kitu kinayeyuka, kwa maji kinamumunyuka. Makala haya yatafuata utaratibu huo kuanzia hapa. Ukiweza kumfanya mwanao aseme "chumvi inamumunyuka kwa urahisi lakini inayeyuka kwa shida", umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kijiko kwenye moto

Chukua kijiko kikuukuu cha chuma ambacho hutakitumia tena mezani, kishikie kwa koleo au kitambaa kinene, na utie sukari kidogo. Kiweke juu ya moto wa gesi au mkaa. Kazi hii ifanye mwenyewe, mtoto aangalie, kwa sababu sukari iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji ya moto.

Baada ya muda mfupi chembe zinaanza kulegea na kuwa kimiminika. Sukari hufika hapo kati ya nyuzi joto 160 na 190 hivi. Anayepika kashata anaijua hatua hii: rangi inageuka kuwa ya dhahabu, harufu nzuri inatoka. Ukiendelea inakuwa kahawia, inafuka moshi, na mwisho unabaki na kaa jeusi. Hapo si kuyeyuka tena, sukari yenyewe imevunjika, na weusi ule ni kaboni iliyokuwa ndani yake.

Sasa chukua kijiko kingine, tia chumvi. Chumvi ya mawe huenda ikapasuka na kurukaruka, kwa sababu ya maji kidogo yaliyonaswa ndani ya chembe zake, kwa hiyo weka uso mbali. Zaidi ya hapo, hakuna kitu. Subiri utakavyosubiri, chumvi inakutazama tu. Haigeuki rangi, haitoi harufu, haiyeyuki.

Chumvi ya kawaida huyeyuka kwa nyuzi joto 801. Ili mwanao aione ukubwa wa namba hiyo, mwambie kwamba alumini, yaani ile sufuria unayopikia, huyeyuka kwa nyuzi 660. Ukitaka kuyeyusha chumvi kwenye sufuria ya alumini, sufuria itatangulia.

Upande wa pili, vitu vya kovalenti vinavyoyeyuka kwa joto dogo vimejaa nyumbani. Mshumaa huyeyuka karibu na nyuzi 60. Siagi huyeyuka ikiachwa juani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwa nyuzi 24 au 25 tu, ndiyo maana Dar es Salaam na Zanzibar yanamiminika kwenye chupa karibu mwaka mzima, na chupa hiyohiyo ukiipeleka Njombe au Arusha wakati wa baridi asubuhi unalazimika kuiotesha jua kwanza. Wapo watu wanaodhani wameuziwa mafuta yaliyochakachuliwa.

Mwongezee na pua. Petroli, mafuta ya taa, spiriti, manukato na vidonge vya kuwekea nguo vina harufu kwa sababu chembe zake huachana kirahisi na kuruka hewani mpaka puani. Chumvi safi haina harufu. Chembe zake hazina ruhusa ya kutoka.

Masinia ya harusini

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Jibu liko kwenye namna atomu zinavyoungana, na hapa mfano mmoja wa nyumbani husaidia.

Fikiria shughuli ya harusi ambapo watu wanakula pilau kwenye masinia. Kila kundi la watu wanne au watano limezunguka sinia lake. Ndani ya kundi kuna ushirika wa kweli: chakula ni cha wote, hakuna anayeweza kuondoka na sinia. Hivyo ndivyo atomu za kampaundi ya kovalenti zinavyokaa. Zinachangia elektroni, na kundi zima linaitwa molekuli. Molekuli moja ya sukari ina atomu 45: kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11.

Lakini kundi la sinia hili na kundi la sinia lile hawajafungana. Mwenye shughuli akisema "sogeeni kidogo", kundi linanyanyuka na sinia lake na kuhamia pembeni. Mshumaa ukiyeyuka ndicho kinachotokea. Makundi yamesogea, masinia yako salama. Maji yanapochemka na kuwa mvuke, mvuke ule bado ni maji, kila molekuli ina haidrojeni 2 na oksijeni 1 kama mwanzo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama. Wanaandika kwamba kampaundi za kovalenti huyeyuka kwa joto dogo kwa sababu muungano wa kovalenti ni dhaifu. Si kweli. Muungano wa kovalenti ni imara sana. Kilicho dhaifu ni mvutano kati ya molekuli moja na nyingine. Muulize mwanao swali hilo leo, na akijibu "muungano ni dhaifu", mrudishe kwenye masinia.

Chumvi haina masinia kabisa. Atomu ya sodiamu imeitoa elektroni yake moja jumla, na atomu ya klorini imeipokea. Aliyetoa amebaki na chaji chanya, aliyepokea ana chaji hasi, na kila mmoja sasa anaitwa ioni. Chanya na hasi huvutana, na hazivutani mbili mbili kama bwana na bibi harusi. Kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini imezungukwa na sodiamu 6, na kuendelea hivyo mpaka ukingo wa chembe. Punje moja ya chumvi ni ukuta mmoja uliojengwa kwa matofali ya aina mbili. Ili uyeyuke, ukuta wote lazima uachane, ndiyo maana moto unaotakiwa ni mkali kiasi kile.

Ukuta huo pia ndio unaofanya chumvi ya mawe ipasuke ukiigonga na mchi badala ya kupindika kama nta. Pigo linasogeza safu moja ya ioni, chanya inajikuta mbele ya chanya, hasi mbele ya hasi, zinasukumana, na jiwe linagawanyika.

Mtoto anaweza kukuuliza, "Mama, sasa maji yanawezaje kuubomoa ukuta ambao moto umeshindwa?" Ni swali zuri kuliko mengi yaliyomo kwenye mitihani. Mjibu kwamba molekuli ya maji ina upande wenye chanya kidogo na upande wenye hasi kidogo. Maji huja kwa wingi, yanazizunguka ioni moja moja na kuzibeba. Kila ioni inayoondoka imepata wenyeji wapya wa kuishika, haijaachwa peke yake. Moto hauna wenyeji wa kuipa.

Betri tatu na glasi mbili

Kipimo kinachoaminika kuliko vyote ni cha umeme. Unahitaji betri 3 za tochi zilizopangwa mstari mmoja, vipande 2 vya waya wa shaba vilivyochunwa ncha, na glasi 2 za maji. Neno moja kabla ya kuanza, na mwambie mtoto mara mbili: ni betri za tochi tu. Soketi ya ukutani, chaja na betri ya gari au ya sola haviingii kwenye jaribio hili hata kidogo.

Maji yawe ya mvua kama yapo. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvichumvi, na ukiyatumia utapata matokeo ya ajabu kwenye glasi zote mbili. (Ikitokea hivyo, mtoto amegundua kitu kuhusu kisima chenu.)

Glasi ya kwanza tia vijiko viwili vya sukari, ya pili vijiko viwili vya chumvi, koroga mpaka vimumunyuke. Unganisha waya mmoja kila upande wa betri, kisha zamisha ncha zake kwenye glasi ya sukari, zikiwa karibu lakini zisigusane. Hakuna kinachotokea. Zifute, zihamishie kwenye glasi ya chumvi. Vipovu vinaanza kupanda kwenye waya ulioungwa upande hasi wa betri, na baada ya dakika moja au mbili waya wa pili unaanza kutoa rangi kwenye maji. Umeme unapita. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, usiendeleze muda mrefu, usinuse gesi inayotoka, na maji yale yamwage chooni maana sasa yana shaba. Kisha mnawe mikono.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo tamu. Weka chumvi kavu kwenye kisahani, gusisha ncha za waya pande mbili za rundo hilo. Hakuna umeme. Chumvi ileile iliyopitisha umeme ikiwa majini inakataa ikiwa kavu, kwa sababu ioni zimo lakini zimefungwa ukutani, haziwezi kutembea. Zikiachiwa kwa maji, au kwa moto wa nyuzi 801, zinatembea. Sukari ikimumunyuka inabaki molekuli nzima nzima zisizo na chaji, kwa hiyo hata zikitembea hazibebi umeme wowote.

Kwa hiyo sentensi kamili ya daftarini iwe hivi: kampaundi ya ioni haipitishi umeme ikiwa ngumu, hupitisha ikiwa imeyeyuka au imemumunyuka. Mwanafunzi anayeandika tu "hupitisha umeme" amejibu nusu.

Aliyepewa alama ndogo, na baba na mwana

Neno ioni lina asili ya Kigiriki, maana yake ni chenye kwenda. Lililetwa kwenye sayansi mwaka 1834 na Michael Faraday wa Uingereza, mtoto wa mhunzi ambaye hakusoma sana shule na alianza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1884, kijana wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius alipeleka tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Kutokana na wazo lake ndipo ilipokuja kueleweka kwamba chumvi ikiingia majini hugawanyika yenyewe kuwa ioni, kabla hata ya umeme kuwashwa. Wakaguzi hawakupendezwa, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyohiyo. Mzazi mwenye mtoto aliyerudi na matokeo mabaya anaweza kumsimulia hii, ila asiigeuze kuwa kisingizio.

Kwamba punje ya chumvi ni ukuta wa sodiamu na klorini ilionyeshwa mwaka 1913 na watu wawili wa familia moja, William Henry Bragg na mwanawe William Lawrence Bragg, kwa kutumia mionzi ya eksirei. Mwaka 1915 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa pamoja, baba na mwana, na kijana alikuwa na miaka 25.

Pale kanuni zinapokataa

Hapa nawaomba wazazi wawe wavumilivu, kwa sababu kitabu cha shule hupenda jedwali lenye safu mbili, na jikoni hakulitii jedwali hilo.

Kipimo dhaifu kuliko vyote ni cha kumumunyuka. Kitabu husema kampaundi za ioni humumunyuka majini na za kovalenti hazimumunyuki. Mililita 100 za maji ya kawaida huweza kubeba chumvi gramu 36 hivi, na sukari gramu 200 hivi. Sukari, ambayo ni ya kovalenti, inaipita chumvi mara tano! Na mpe mtoto ganda la yai. Ni kalisiamu kaboneti, kampaundi ya ioni, nalo ukiliacha kwenye maji wiki nzima utalikuta. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo ni kalisiamu kaboneti hiyohiyo, na masika yote yaliyopita hayajazimumunya.

Joto nalo lina ubishi wake. Mchanga wa mtoni kwa sehemu kubwa ni silika, kampaundi ya kovalenti kabisa, lakini huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 1,700, mara mbili ya chumvi na zaidi. Sababu ni kwamba silika haina makundi madogo madogo. Ni sinia moja kubwa lisilo na mwisho, na kila mtu ameshikana na jirani yake. Kuliyeyusha ni lazima uvunje muungano wenyewe wa kovalenti, na hapo ndipo unapojua kwamba haukuwa dhaifu.

Umeme pia una mgeni wake. Kamulia ndimu kwenye glasi ya maji ya mvua, zamisha waya zako, na utaona vipovu kidogo. Asidi ya ndimu ni ya kovalenti, lakini ikikutana na maji baadhi ya molekuli zake hutoa ioni. Asidi ya betri ya gari hufanya hivyohivyo kwa nguvu zaidi, na hiyo isijaribiwe nyumbani.

Kwa maoni yangu mwanafunzi afundishwe kukusanya ushahidi, kama hakimu anavyofanya. Kipimo kimoja hakitoshi. Kitu kinachoyeyuka kwa joto kali, ambacho hakina harufu, kinapasuka badala ya kupindika, hakipitishi umeme kikiwa kikavu ila hupitisha kikiwa kimemumunyuka, hicho ni cha ioni, na unaweza kuandika jibu bila wasiwasi. Kisha kagua elementi zenyewe: metali ikiungana na isiyo metali, kwa kawaida ni ioni. Zisizo metali zikiungana zenyewe kwa zenyewe, ni kovalenti.

Yanapogusa usalama wa nyumba

Mtoto akishaelewa kwamba ni ioni zinazobeba umeme majini, ataelewa pia kwa nini anakatazwa kugusa swichi na mikono iliyolowa. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno, lakini maji ya nyumbani si safi kwa maana hiyo, na jasho la mwili lina chumvi. Sakafu iliyolowa, miguu pekupeku na waya uliochubuka ni mchanganyiko wa kifo.

Pili, vitu vyeupe hufanana. Chumvi, sukari ya unga, magadi, sabuni ya unga na kostiki inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni vyote vinaweza kukaa rafu moja. Kampaundi haitambuliwi kwa ulimi, iwe maabara au nyumbani. Kostiki ni kampaundi ya ioni inayomumunyuka kwa kutoa joto kali, na huunguza koo na utumbo. Isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji hata kwa saa moja. Mtoto akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Tatu ni kuharisha. Mwili unaoharisha hupoteza maji pamoja na ioni za sodiamu, na kumpa mtoto maji matupu hakurudishi ioni hizo. Kuta za utumbo hupokea sodiamu vizuri zaidi inapoongozana na glukosi, na sukari ikifika tumboni hutoa glukosi. Ndiyo maana mmumunyo wa kuongeza maji mwilini una vyote viwili, cha ioni na cha kovalenti. Pakiti za dukani na kituo cha afya ndizo bora. Zikikosekana kwa wakati huo, ni lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kufuta, visijae kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa jicho. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa au anayetapika kila kitu apelekwe kituoni bila kusubiri.

Maswali matatu ya kumpa mwanao

La kwanza: vidonge vyeupe vya kuzuia wadudu kwenye sanduku la nguo hupungua mwezi hadi mwezi bila kulowa wala kuguswa. Ni vya ioni au kovalenti? Ni vya kovalenti, na harufu unayoisikia ukifungua sanduku ndiko vilikokwenda.

La pili: unga mweupe haumumunyuki majini. Je, hiyo inatosha kusema ni wa kovalenti? Akijibu ndiyo, mletee ganda la yai.

La tatu ni gumu kidogo. Kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo maji ya bahari huachwa juani kwenye majaruba, na kandokando ya Ziwa Natron magadi hubaki kama ukoko mweupe wakati wa kiangazi. Jua ni lilelile kwa vyote vilivyomo ndani ya jaruba. Kwa nini limeondoa maji na kuiacha chumvi? Mpe muda afikirie mwenyewe. Akikwama, mtajie masinia kwanza, kisha ile namba 801.